Jinsi ya kuchagua wembe wa kukunja wa kujifunzia kunoa

Kunoa wembe wa kukunja, ule ambao ubapa wake, yaani chuma chenye makali, hukunjwa ndani ya mpini, ni kazi tofauti na kunoa kisu. Kisu unakishika kwa pembe unayoitaka wewe, na mkono ukichoka pembe inabadilika. Wembe unalazwa kabisa juu ya jiwe: mgongo unagusa, makali yanagusa, na pembe inatokana na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa ubapa. Aliyeuchonga kiwandani alishakupangia hilo. Kazi yako ni kuupeleka na kuurudisha bila kukandamiza, mgongo na makali visibanduke juu ya jiwe.

Ndiyo maana naona uchaguzi wa wembe wa kujifunzia una uzito kuliko uchaguzi wa jiwe. Mgongo ukiwa umepinda, au umelika upande mmoja, hata fundi mzoefu atahangaika nao. Anayejifunza atahangaika zaidi, na kibaya zaidi hatajua kama kosa ni lake au ni la wembe. Unachotafuta ni wembe ambao makali yakikataa kuja, huna shaka kwamba tatizo liko mkononi mwako, kwa kuwa wembe wenyewe ulishaukagua ukaridhika nao. Jina la kiwanda, nakshi za ubapa na uzuri wa mpini vinafuata mbali sana nyuma ya hilo.

Tukubaliane kwanza majina ya sehemu. Upande mnene wa juu ni mgongo. Mwisho wa ubapa ulio mbali na mpini ni ncha, ulio karibu na mpini ni kisigino. Baada ya kisigino inafuata shingo, pale vidole vinaposhika. Ule ukanda mwembamba unaong'aa kando ya makali, uliosuguliwa na jiwe pande zote mbili, nitauita mteremko wa makali.

Hatua ya 1: Pata wembe mmoja uliokwisha kunolewa

Kabla hujatafuta wembe wa kujifunzia, tafuta mwingine ambao umenolewa na mtu anayeijua kazi, kisha usiuguse na jiwe. Unyolee, uupitishe kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa, ukaushe vizuri, basi. Bila huo huna kipimo. Mtu ambaye hajawahi kuhisi makali yaliyokamilika huridhika mapema mno, akidhani wembe unaokata nywele za mkono umefika, kumbe shavuni utakwaruza. Au huendelea kunoa saa nzima akitafuta ukali ambao tayari anao.

Huu wa kulinganishia na ule wa kujifunzia visiwe kitu kimoja. Bajeti ikibana, ni afadhali ununue wa kulinganishia kwanza, na huu wa pili usubiri.

Hatua ya 2: Ondoa zisizofaa mapema

Zipo nyembe za kukunja zinazobeba kiwembe cha kubadilisha, zile zilizozoeleka kwa vinyozi. Ni vifaa vizuri kwa kunyolea, lakini hakuna cha kunoa hapo: kiwembe kikiisha kinatupwa.

Kundi la pili ndilo linalowanasa wengi. Ni vitu vipya vyenye umbo la wembe, bei ya kuvutia, mara nyingi vimetiwa rangi au michoro, na chuma chake hakijulikani. Mgongo wake huwa hauna unene sawa kutoka kisigino hadi ncha, ubapa umepinda, na chuma ni laini kiasi kwamba makali hayadumu. Watu hununua hivi wakijiambia kwamba ni vya mazoezi tu, hata vikiharibika hakuna hasara. Hasara ipo. Utatumia muda mwingi, jiwe lako litalika, na utajifunza tabia za mkono za kufidia mapungufu ya chuma kibovu, tabia ambazo baadaye utalazimika kuziacha.

Wembe mpya wa kiwanda chenye sifa, kama Dovo au Böker za Solingen nchini Ujerumani, au Thiers Issard ya Thiers nchini Ufaransa, ni chaguo zuri lakini ghali. Jiwe la kwanza la mwanafunzi huacha alama mgongoni, na inauma kuziona alama hizo kwenye wembe mpya.

Kinachobaki, na ndicho ninachokipendekeza bila kusita, ni wembe wa zamani uliotumika, wa kawaida kabisa, uliotengenezwa katika mji uliokuwa ukiishi kwa kazi hiyo: Solingen, Sheffield nchini Uingereza, Eskilstuna nchini Sweden, au viwanda vya jimbo la New York nchini Marekani. Kabla ya nyembe za usalama za aina ya Gillette kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, wembe wa kukunja ulikuwa kifaa cha kila siku, kwa hiyo zilizobaki ni nyingi na zisizo na jina kubwa hazina bei kubwa.

Umri nao una maana, na kuna njia nyepesi ya kuukadiria. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyojulikana kama ya McKinley, ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziwe na jina la nchi zilikotoka. Kwa hiyo wembe uliogongwa jina la Ujerumani au Uingereza kwa Kiingereza kwenye shingo, mara nyingi ni wa baada ya hapo. Kwa anayejifunza hiyo ni dalili njema. Nyembe za Sheffield za mwanzoni mwa karne ya 19 ni nzuri mno kutazama, lakini nyingi ni nzito, hazikuchongwa ndani sana, na miaka ya kunolewa na mikono tofauti imezipotosha. Za mwishoni mwa karne hiyo na za karne ya 20 kwa kawaida zina umbo linalolingana zaidi.

Hatua ya 3: Chagua umbo na ukubwa

Upana wa wembe hutajwa kwa sehemu za nane za inchi, ukipimwa kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Tafuta 5/8, ambayo ni kama milimita 16, au 6/8, kama milimita 19. Wa 4/8 mara nyingi ulikuwa mpana zaidi ukaisha kwa kunolewa. Wa 7/8 na kuendelea ni mzito mkononi, na bei yake hupanda kwa kuwa wakusanyaji wa nyembe za zamani huupenda.

Makali yawe yamenyooka, au yawe na mbinuko mdogo sana kwa nje. Yakibinuka sana, lazima uzungushe mkono kidogo kila unapopita juu ya jiwe ili kila sehemu iguse, na hilo ni somo la baadaye. Yakibonyea kwa ndani, achana nayo: katikati hapatagusa jiwe bapa hata kidogo mpaka ncha na kisigino visagwe vya kutosha.

Sasa mchongo wa ubapa. Mashavu ya wembe huchongwa ndani kwa magurudumu, na kiasi cha mchongo huo kinabadilisha kabisa namna wembe unavyojibu juu ya jiwe. Uliochongwa kabisa ni mwembamba sana karibu na makali. Unanoleka haraka kwa sababu chuma cha kuondoa ni kidogo, lakini ukikandamiza, makali yanainuka na kujipinda, unajikuta unasugua nyuma ya makali badala ya makali yenyewe. Ambao haujachongwa, wenye umbo la kabari, haupindi, lakini mteremko wake ni mpana na kuurekebisha ni kazi ya kuchosha. Mimi ningeanza na uliochongwa nusu. Ni mgumu wa kutosha kuvumilia mkono mzito wa mwanzoni, na hauhitaji kuondolewa chuma kingi.

Ncha iwe ya mviringo. Ncha ya pembe kali hukata vidole wakati wa kugeuza wembe juu ya jiwe, na hukwaruza ukanda wa ngozi.

Angalia pia kisigino. Baadhi ya nyembe zina bega nene pale ubapa unapokutana na shingo, na bega hilo likisogea karibu mno na makali linapanda juu ya jiwe na kuinua wembe wote. Pawe na nafasi inayoonekana kwa macho kati ya mwisho wa makali na mwanzo wa unene huo.

Kuhusu chuma, chukua cha kaboni. Kisichoshika kutu kinaweza kuwa bora kabisa, ila kwa kawaida ni kigumu zaidi kukisaga na huchukua muda zaidi kwenye jiwe, na mwanzoni unahitaji kuona matokeo ya mkono wako upesi.

Hatua ya 4: Kagua mgongo na makali

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Beba rula ya milimita au, bora zaidi, kalipa (kifaa cha kupimia unene), pamoja na lenzi inayokuza mara 10 na kipande cha kioo bapa.

Anza na mgongo. Wembe wowote uliowahi kunolewa una mistari miwili bapa mgongoni, mmoja kila upande, pale uliposuguana na jiwe. Iinamishe kwenye mwanga uisome. Mistari mizuri ni myembamba, ina upana sawa kutoka kisigino hadi ncha, na upande wa kulia unafanana na wa kushoto. Mstari ukianza mwembamba kisiginoni ukawa mpana nchani, aliyetangulia alikuwa akikandamiza nchani. Upande mmoja ukiwa mpana maradufu ya mwingine, alikuwa na mkono mmoja mzito. Tofauti ndogo si tatizo. Tofauti unayoiona bila lenzi kutoka umbali wa mkono ni sababu ya kutosha kuurudisha mezani.

Kisha pima. Chukua upana wa ubapa na unene wa mgongo, ugawanye. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5 unakupa takriban 3.6, na pembe ya makali inakuwa kama digrii 16, ambayo ni mahali pazuri. Mgongo huohuo ukiwa umelika hadi milimita 3.5, jibu linapanda hadi karibu 4.6 na pembe inashuka hadi kama digrii 12 na nusu. Makali ya pembe hiyo ni membamba mno, humeguka juu ya jiwe na utahangaika usijue kwa nini. Mimi huchukua jibu lililo kati ya 3.3 na 4. Pima sehemu tatu: karibu na kisigino, katikati, karibu na ncha. Majibu yakaribiane. Yakipishana sana, pembe inabadilika njiani na mteremko wa makali hautakuwa na upana mmoja.

Sasa kioo. Laza wembe juu yake kama unavyoulaza juu ya jiwe, kisha gusa taratibu kwa kidole kimoja juu ya mgongo, mara upande wa kisigino, mara upande wa ncha. Wembe ulionyooka unatulia. Uliopinda unachezacheza na unausikia ukigonga kioo. Ugeuze upande wa pili urudie. Upinde hujidhihirisha kwa namna ileile kila mara: upande mmoja unagusa katikati tu na kuchezacheza, upande wa pili unagusa ncha na kisigino huku mwanga ukipita katikati. Mafundi huupatia makali wembe wa namna hiyo kwa kuupitisha kwa mshazari, ili wakati wowote sehemu ndogo tu iwe juu ya jiwe. Nyembe nyingi za zamani zina upinde kidogo, na mdogo sana hautakuzuia. Unaosikika kwenye kioo uache.

Mwisho, elekeza makali kwenye jicho lako chini ya taa kali, wembe ukiwa umeushika imara. Makali yenye ukali hayaakisi mwanga. Ukiona nukta au mstari unaong'aa juu kabisa ya ukingo, hapo pamebutuka au pamemeguka. Ubutu haukusumbui, ndio unaokuja kuuondoa. Mapengo ndiyo ya kuhesabu.

Hatua ya 5: Kutu, nyufa, mapengo na moto

Madoa ya kahawia au meusi kwenye mashavu ya ubapa ni sura tu. Yaache hata kama hayapendezi, kwani wembe wenye sura mbaya na makali safi hupatikana kwa bei rahisi na unafundisha sawa na ule unaong'aa. Kinachoua wembe ni vishimo vya kutu vilivyo kwenye makali au milimita moja mbili nyuma yake. Kila unapofikia chuma kizuri, kishimo kingine kinafunguka na makali yanameguka pale. Chunguza zaidi sehemu inayolala ndani ya mpini wembe ukikunjwa, maana unyevu hukaa humo.

Pengo la makali linaondoka kwa kusaga makali yote hadi kufikia kina chake. Pengo la nusu milimita ni kazi ndefu lakini inawezekana. La milimita moja na zaidi si la mwanafunzi.

Ufa hauna dawa. Hujificha kama unywele mwembamba unaoanzia kwenye makali kuelekea mgongoni, na mara nyingine unaonekana kama mkwaruzo wa kawaida. Paka mafuta mepesi, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, kisha tazama kwa lenzi. Ufa utayatoa tena mafuta uliyoyafuta na kuchora mstari. Mkwaruzo hautoi kitu.

Jihadhari na wembe unaong'aa kupita umri wake. Waliousugua kwa mashine ili uuzike huacha dalili: herufi zilizogongwa kwenye shingo zimefifia, na kona zilizotakiwa kuwa kali zimelainika. Mashine huzalisha joto, na makali yakipashwa sana chuma kinapoteza ugumu wake. Rangi ya njano iliyokolea, kahawia au bluu karibu na makali inaweza kuwa ushahidi wa jambo hilo, na makali yaliyolainika kwa moto hayashiki hata uyanoe vipi.

Hatua ya 6: Mpini

Mpini hauna kazi yoyote kwenye jiwe, kwa hiyo ufa mdogo au pini iliyolegea visikukatishe tamaa. Kuna aina moja tu ya kukwepa, selulodi iliyoanza kuoza. Ni plastiki ya zamani, mara nyingi imetengenezwa kuiga gamba la kasa au pembe za ndovu. Ikioza hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma, na utaona kutu nzito ikiwa imejikusanya pale ubapa unapolala ndani ya mpini wakati sehemu nyingine ni safi. Mpini wa namna hiyo hushika moto kwa urahisi pia. Pembe ya mnyama, mbao na plastiki ngumu ya kawaida hazina shida.

Hatua ya 7: Ukinunua kwa picha

Nyembe nyingi za zamani zinauzwa mtandaoni, na bila picha za kutosha ni kununua mbuzi kwenye gunia. Muombe muuzaji picha hizi: pande zote mbili za ubapa, mgongo ukitazamwa kutoka juu, makali yakitazamwa kutoka juu, na ubapa mbele ya kitambaa cheusi ili umbo la makali lionekane. Muombe pia vile vipimo viwili, upana na unene. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Picha ikionyesha wembe ukiwa umekunjwa nusu tu, makali yakiwa yamefichwa na mpini, uliza mara moja, na usipojibiwa tafuta mwingine. Uliza pia kama unaweza kuurudisha.

Hatua ya 8: Wembe ukishafika

Umetumiwa na watu usiowajua, kwa hiyo uoshe kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha ufute wote kwa spiriti. Funika makali kwa tepu wakati unasugua mashavu na shingo. Usipitishe msasa popote karibu na makali.

Kabla ya kuanza kunoa, fanya jaribio la wino. Paka mteremko wa makali kwa kalamu ya wino usiofutika, pande zote mbili, kutoka kisigino hadi ncha. Laza wembe juu ya jiwe laini lililonyooshwa vizuri, upitishe mara moja kwenda na mara moja kurudi, kwa uzito wa wembe wenyewe. Utazame kwa lenzi. Wino ukiondoka wote kwa usawa, umepata ulichokitaka. Ukibaki kama uzi mwembamba kwenye ukingo kabisa, mteremko haujafika kwenye makali, jambo la kawaida ambalo jiwe la namba 1000 linalirekebisha (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Ukibaki kisiginoni pande zote mbili, bega linapanda juu ya jiwe. Ukibaki katikati upande mmoja, na nchani na kisiginoni upande wa pili, huo ni upinde ambao kioo hakikuuonyesha. Rudia mara moja zaidi kuhakikisha jiwe lenyewe si tatizo, na kama upinde ni mkubwa urudishe wembe kabla muda wa kurudisha haujapita.

Kuna suala la kufunika mgongo kwa tepu ya umeme ili usilike. Tepu hiyo ina unene wa karibu milimita 0.15, na ikikaa pande zote mbili za wembe wa 5/8 inaongeza pembe kwa takriban digrii moja. Kwenye wembe wa thamani ningeitumia. Kwenye huu wa kujifunzia ningeiacha, kwa makusudi. Ile mistari miwili ya mgongoni uliyoikagua kabla ya kununua sasa inaandikwa na mkono wako. Piga picha za karibu za mgongo siku ya kwanza, kila upande, na upige nyingine kila baada ya kunoa. Mstari ukianza kupanuka upande mmoja, unajua pa kupunguza uzito.

Ukiona mteremko tayari uko sawa na makali hayana mapengo, huna haja ya kuanzia namba 1000. Anza na jiwe la namba 4000 au 5000, uende 8000, umalizie na 12000 ukiwa nalo, halafu ukanda wa ngozi. Kisha nyoa shavu moja kwa huu na jingine kwa ule wa kulinganishia.